JINA LAKO LIANDIKWE SAWASAWA

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Siku hizi majina yetu yamo ndani ya kompyuta ya biro ya wafanyakazi. Kutoka humo huchapwa etiketi, yaani vikaratasi vya gundi vinavyobandikwa juu ya fishi ya hospitali, chupa ya damu, kofia ngumu na bahasha ya kupelekea jamaa habari. Wengi hudhani ni kazi ya makarani tu. Sisi twasema ni kazi ya usalama, sawa na taa na kamba.

Kompyuta haikujui. Huchapa kile ilichoandikiwa. Liste ikiwa na kosa, etiketi zote zitakuwa na kosa hilo, nazo zitaonekana safi. Na kosa lililochapwa vizuri huaminiwa upesi kuliko kosa la mkono.

Hatari ya kwanza ni majina. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kizungu, watu wakachukua postnomu. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi. Leo mtu ana majina matatu, na kila biro huyapanga kwa namna yake. Hivyo mtu mmoja aweza kuhesabiwa wawili, na watu wawili wanaoitwa Ngabu Bahati wakafanywa mmoja. Fikirini aina ya damu ya mmoja ikiandikwa kwenye fishi ya mwingine! Kwa hiyo nambari ya matrikile isikose kamwe. Majina hufanana, matrikile haifanani.

Hatari ya pili ni anwani. Jamaa nyingi za Ituri zilikimbia makwao katika vita vya 1999 hadi 2003, na tena kutoka Djugu tangu mwisho wa 2017. Aliyekaa Mudzipela jana, leo yuko Nyakasanza. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, aliyegusana na mgonjwa alipaswa kuangaliwa kwa siku 21. Bila anwani ya kweli, wauguzi wangebisha mlango gani? Vivyo hivyo ajali ikitokea mgodini: mjumbe akikosa nyumba, mama atasikia habari sokoni, tena habari iliyopotoka.

Basi twaomba haya:

1. Kabla ya kuchapa, mkubwa wa ekipi asome majina na matrikile mbele ya watu wake. Anwani kila mtu aikague peke yake.

2. Jina, postnomu na jina la ubatizo, kila moja liwe na safu yake. Karani ajaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida.

3. Anwani itaje avenyu, kartie, na alama inayojulikana, kama kanisa au shule, pamoja na nambari ya simu.

4. Juu ya kofia liwe jina na matrikile tu. Ugonjwa wa mtu si wa kutangazwa. Tena gundi nyingine hudhoofisha plastiki. Ulizeni kwanza watu wa usalama.

5. Ukihama, ukioa au ukifiwa, fika biro juma hilohilo. Etiketi ya zamani ing'olewe, isifunikwe.

Mama, muulize baba jioni hii: «Katika fishi yako, ni nani ameandikwa kuitwa?» Kama hajui, kesho aende kutazama kabla ya kushuka kazini.

Jina sahihi ni kinga. Lilinde!