Msitu Hulindwa na Mkutano

Wako wadhanio kwamba mageuzi ya nchi hufanywa jukwaani, kwa bendera na makofi. Na watazame Ulaya Mbuyuni, kijiji cha wilaya ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi.

Kwa mpango ulioanza mwaka 2012, MJUMITA ikiwa miongoni mwa wasaidizi wake, wanakijiji wa huko na wa vijiji jirani waligawa sehemu ya misitu yao katika vitalu. Kitalu kikisha kukatwa miti ya mkaa, visiki huachwa vichipue, wala hakirudiwi mpaka ipite miaka 24. Ushuru wa magunia uliingia katika mfuko wa kijiji, ukasaidia shule na huduma nyingine.

Hapana muujiza hapo. Kazi ni kuhesabu magunia, kuzunguka mipaka na kuhudhuria mkutano. Walakini hapo ndipo tunapolegea. Sheria yataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane kila miezi mitatu. Asiyehudhuria amempa mwenye hila ufunguo wa hazina.

Basi, ndugu mwanachama, kadi yako ni wajibu, si pambo. Nenda mkutanoni, uliza mapato na matumizi, ukatae gunia lisilo na kibali, hata likiwa la kiongozi wa chama. Nawe mfanyakazi wa mjini upikiaye mkaa, uliza umetoka wapi.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenye tundu hakijai.