Utalii wa Katavi uanzie kwenye mabanio ya Katuma

Basi linalotoka Sumbawanga kwenda Mpanda hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na likifika daraja la Sitalike abiria anaweza kuwaona viboko bila kulipa kiingilio. Ikifika Septemba na Oktoba, wale walioko ndani ya hifadhi hujazana kwenye vidimbwi vya tope, mgongo juu ya mgongo, madume yakiwa na majeraha mabichi ya kung'atana yakigombea mahali pa kulala. Wafanyabiashara wa utalii wanautangaza msongamano huo kama kivutio kikuu cha Katavi, na hakika unastaajabisha. Lakini sehemu yake kubwa ni dalili ya mto unaokatwa mapema kwa mikono ya watu. Kwa hiyo nasema mpango wowote wa kuikuza Katavi, uwe wa barabara, kambi za wageni au matangazo, utakuwa kazi bure usipoanza na maji yaliyo nje ya mipaka ya hifadhi.

Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na baada ya kupanuliwa sasa ina kilomita za mraba 4,471. Uhai wa eneo lote hilo umeshikwa na Mto Katuma. Ndio unaojaza Ziwa Katavi, unaolowesha mbuga ya Katisunga na kufika Ziwa Chada, kabla maji hayajashuka kwa Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Maziwa ya Katavi na Chada ni ya msimu, masika maji, kiangazi nyasi, kwa hiyo mto ukikatika wanyama hawana pa kukimbilia. Ngozi ya kiboko haistahimili jua, na ndiyo maana hushinda majini na kutoka usiku kwenda malishoni. Maji yakitiririka, kinyesi chake kinarutubisha mto. Yakituama, kinyesi hichohicho kinamaliza hewa ndani ya maji na samaki wanakufa. Mamba nao hujibana kwenye mapango ya kingo za mto, wamelaliana, wakisubiri mvua za Novemba.

Wapo wanaosema Katuma umekuwa ukipungua kila kiangazi tangu enzi, na kwamba wanyama wa Katavi wameumbiwa hali hiyo. Hoja hii ina ukweli, hata mamba kujificha kwenye mapango ni ushahidi wake. Ila kupungua ni jambo moja, na kukatika wiki nyingi kabla ya wakati ni jingine. Watafiti waliouchunguza mto huu miaka ya 2000 waliuhusisha ukavu wake na mabanio, yaani mabwawa ya udongo, na mifereji ya umwagiliaji iliyo juu ya hifadhi, mingi ikiwa imechimbwa bila usimamizi. Ukame wa mbingu hatuna la kuufanya. Huu wa mabanio tunao uwezo nao.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima. Mpunga wa Mwamkulu na Kakese, juu ya hifadhi, unalisha familia na kusomesha watoto, na ni haki kuuliza kwa nini jaruba likauke ili kiboko aoge. Jibu ni kwamba hakuna anayelazimika kuchagua hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuutunza mto wenyewe, ndipo yafuate ya kilimo na shughuli nyingine za uchumi. Tena mfereji wa udongo unapoteza maji mengi njiani kabla hayajafika shambani. Banio lenye lango linalofungika, mfereji uliosakafiwa na kilimo shadidi, ambacho hakihitaji jaruba kufurika msimu mzima, vinamwezesha mkulima kuvuna huku akirudisha maji mtoni. Na wanaoumia mto ukikatika ni pamoja na mkulima wa bonde la Kavuu na mvuvi wa Ziwa Rukwa.

Kuwafukuza watu si dawa. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Wafugaji wakaondolewa bonde la Usangu, juu ya mto huo, mwaka 2006 kwa machungu makubwa, na mto ukaendelea kukauka viangazi vilivyofuata. Ninachodai Katavi ni kidogo na kinawezekana. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ipime mtiririko pale Sitalike na itangaze matokeo kila wiki ya kiangazi, redioni na kwenye mbao za vijiji. Jumuiya za watumia maji zipewe meno ya kufunga banio lisilo na kibali. Na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) litumie sehemu ya fedha za maendeleo kusakafia mifereji ya wakulima wa juu, hata kama mifereji hiyo iko nje ya mipaka ya hifadhi. Viboko wakitawanyika kwenye mto unaotiririka, mpiga picha atakosa lile rundo la tope alilolifuata. Atakuta makundi ya nyati yakinywa Katisunga na simba wakiyanyemelea, na hilo linatosha kumleta mgeni hadi Mpanda.