Neno la Mhariri: Msianze na Anga Jekundu

Hadithi nyingi zilizoletwa kwa ajili ya toleo hili zilifunguliwa na anga jekundu kama damu. Tulizirudisha, tukawaomba waandishi waichunguze kwanza nyota yenyewe. Proxima Centauri, jirani wa karibu kuliko wote wa jua letu, huitwa kibete chekundu. Lakini joto la uso wake, takriban nyuzi 2,700 za Selsiasi, hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu za zamani za waya. Hiyo ni njano iliyokolea, na mimi naiona inatisha zaidi kuliko damu.

(Nyota hii iligunduliwa Johannesburg mwaka 1915, na Robert Innes. Basi asije mtu akatuambia kwamba mambo haya Afrika imeyasikia jana.)

Sayari yake, Proxima b, ilitangazwa mwaka 2016, baada ya wataalamu kupima jinsi inavyoiyumbisha nyota. Kipimo hicho kinatupa mwaka wa siku 11 na ushei, na uzito ambao kwa uchache unakaribia wa dunia. Hakitupi kipenyo, wala hakisemi kama kuna hewa au maji. Hapo mtunzi ana uhuru wake wote. Ila sayari iko karibu mno na nyota, na yaelekea upande wake mmoja huitazama daima. Kama ndivyo, huko jua halichomozi wala halitui.

Sasa sisi tunaoanza kuhesabu saa jua likishachomoza, saa moja tutaiweka wapi? Na adhana ya magharibi? Msicheke. Malaysia ilipompeleka Sheikh Muszaphar Shukor kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2007, ilimwandalia mwongozo wa ibada, na nyakati za swala zikafuata mahali roketi ilikorukia. Kwa safari ya miaka 4.24 ya nuru, mahali hapo pangebaki na maana gani? Hicho tayari ni kisa, na kimeletwa na fizikia.

Kufika ndiko kugumu. Kwa mwendo wa Voyager 1, kilomita 17 kwa sekunde, safari ingepita miaka 70,000. Mradi wa Breakthrough Starshot ulipendekeza vyombo vidogo mno, vinavyosukumwa kwa leza hadi moja ya tano ya kasi ya nuru. Navyo vingetumia zaidi ya miaka 20. Halafu swali likitumwa kutoka duniani, jibu lingerudi baada ya miaka minane na nusu.

Hadithi moja humu imejengwa juu ya kungoja huko tu: mhandisi anauliza, anastaafu, na jibu linapokelewa na mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake. Hakuna anayetua popote. Wenzangu wawili walilalamika kwamba haina kitendo. Nimeiweka ya kwanza.