Samaki wa mikokoni si pambo la sebule

Umeona zile video? Samaki mdogo, macho yamemtoka juu ya kichwa kama chura, anajikokota kwenye tope kwa mapezi yake, kisha paap! anaruka. Ukishaitazama mara tatu, wazo linakuja lenyewe: na mimi nitafute wawili niwafuge nyumbani. Sikulaumu. Mimi wazo hilo lilinijia, nikalifuata.

Wangu walikufa ndani ya siku nne.

Niliwanunua kwa kijana mmoja Mombasa, nikasafiri nao hadi Nairobi ndani ya mkebe, nikawatia kwenye tangi la kioo nililolijaza maji hadi juu. Maji ya bomba, na chumvi ya jikoni vijiko viwili. Si anatoka Pwani? Basi!

Sasa sikiza nilichopaswa kujua kabla, si baada.

Samaki huyu si wa kuogelea kutwa. Maji yakipwa, yeye huwa nje, anapumua kupitia ngozi na utando wa mdomo bora tu awe na unyevu. Kwa hivyo tangi lake linataka sehemu kubwa iwe tope au mchanga, mzizi wa kupanda, na maji ya kina kifupi pembeni. Wangu walishinda wakikwaruza kioo wakitafuta pa kutokea.

Maji yenyewe ni ya mikokoni, yaani bahari iliyochanganyika na mto. Chumvi ya jikoni haitoshi. Unahitaji chumvi ya bahari inayouzwa kwa wafugaji wa samaki, na kipimo kinachosoma kati ya 1.010 na 1.015 hivi, bahari kamili husoma karibu 1.025. Maji ya bomba yana klorini, nayo lazima iondolewe kwanza. Halafu tangi jipya halina bakteria wa kuvunja uchafu wa samaki, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuwapata. Ukiharakisha, amonia inamuua samaki na wewe huoni kitu, maji yanang'aa tu.

Ongeza baridi. Yeye amezoea joto la nyuzi 25 kwenda juu, majini na hewani. Usiku wa Julai Nairobi unaujua. Na kifuniko kiwe kimebana, maana anapanda kioo. Madume nayo hugombania eneo. Ukiweka mawili kwenye tangi finyu, moja litaumia.

Utaniambia, 'Ah, wamejaa tele matopeni, wawili ni nini?' Hoja nzuri, lakini sikubaliani nayo. Samaki hawa ni nadra sana kuzaana kwenye tangi. Jike hutaga ndani ya shimo la tope, na vifaranga huanza maisha wakielea majini. Kwa hivyo karibu kila anayeuzwa ametolewa mikokoni. Akifa kwako, wa kuchukua nafasi yake naye atatoka huko huko. Na aliyekufa hakufa kwa bahati mbaya. Alikufa kwa sababu mimi na wewe tulitaka video.

Tena si kila mahali pa kuchota tu. Mida, kwa mfano, imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu.

Sisemi usifuge. Nasema usianze na samaki. Kwanza nenda umwone kwake. Panda treni hadi Mombasa, vuka Likoni, shika matatu ya kwenda Gazi, Kwale. Kuna njia ya mbao ndani ya mikoko inayosimamiwa na akina mama wa kijiji. Kiingilio unacholipa kinabaki pale pale. Uliza maji yatakupwa saa ngapi, uketi, unyamaze dakika kumi. Watatoka wenyewe.

Ukirudi na bado unataka, nunua tangi, chumvi, kipimo, hita na kichujio. Liweke likiwa tupu wiki sita. Lipime, libadilishie maji, lisafishe. Kama kufikia wiki ya tatu umechoka, umepata jibu lako, na hakuna kiumbe aliyelipia.