Kifungu cha 258 na ng'ambo mbili za Ruzizi

Kwa Mheshimiwa Bâtonnier wa Taifa na wajumbe wa Baraza la Kitaifa la Mawakili, Kinshasa

Uvira, Septemba 2025

Mheshimiwa,

Mwezi uliopita nilisoma sheria ya nchi nyingine alfajiri tatu mfululizo bila kujua. Ilikuwa fotokopi ya kitabu cha mikataba na wajibu, jalada lilikwisha kung'oka zamani, na ukurasa wa kwanza kitinda mimba wangu alikuwa ameugeuza karatasi ya kuchorea mikeke. Nilikariri masharti ya mkataba halali, nikapita mauzo, nikafika kifungu cha 258, kile kinachosema aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake atalipa hasara. Alfajiri ya nne nikafunua ukurasa, nikakuta muhuri wa Bujumbura, Burundi.

Niliziba mdomo kwa kanga nisiwaamshe watoto kwa kicheko. Kisha nikaitoa ile ya Kongo, nikaziweka mbili sambamba mezani chini ya taa ya sola. Kifungu ni kilekile, namba ni ileile. Na kwa nini isiwe? Amri ni moja, ya tarehe 30 Julai 1888, iliyoandikwa kwa ajili ya Kongo ya Leopold. Baada ya Wabelgiji kuiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala mwaka 1925, sheria hiyo ilivuka mto Ruzizi ikiwa nzima. Ilivuka bila kuombwa pasi, tofauti na sisi.

Mimi ni mzaliwa wa Kasenga, Mkongomani wa baba na mama, mama wa watoto watatu, na diploma yangu ya sheria niliipata Bujumbura. Kwa nini Bujumbura? Hilo ni swali la mtu wa Kinshasa. Mtu wa Uvira haulizi. Kwenda Bukavu ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi na milima. Bujumbura haizidi 30 na kidogo: Kavimvira, daraja, Gatumba, umefika. Usiku ukisimama ufukweni unaziona taa zake. Baba yangu alikuwa akiuza ndagala huko, na ada ya chuo ililipwa kwa ndagala hizohizo. Ningeanzia wapi kumwambia anipeleke mbali?

Mchana nafanya kazi katika shirika dogo la msaada wa sheria. Naandika malalamiko ya wajane waliochukuliwa viwanja, ya wachuuzi waliotapeliwa, ya vijana waliolala mahabusu kupita siku zilizoruhusiwa. Kesi ikiitwa pale Mahakama ya Grande Instance, mimi naketi benchi la nyuma. Mwenye joho anasimama, anaisoma karatasi niliyoiandika mimi. Akikosea mahali namkunjia uso, basi. Sokoni Kimanga wananiita Maître, kama wakili, nami nimechoka kuwasahihisha.

Sipingi mtihani, Mheshimiwa. Ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 inataka avoka awe mtu aliyepimwa, nami naitaka hivyohivyo, maana nimeona kiwanja cha mjane kikipotea kwa sababu mtetezi wake hakujua kuhesabu siku za rufaa. Mtihani wa CAPA, cheti cha kufaa uwakili, niko tayari kuufanya. Miaka miwili ya staji chini ya mkubwa nitaifanya, hata kama huyo mkubwa nimemzidi umri. Diploma ya nje kulinganishwa na ya hapa kabla ya kukubaliwa, sawa. Dosye yangu ilipotelea katika ofisi moja ambayo sitaitaja, ikaonekana baada ya miezi saba ikiwa na jina langu na picha ya mwanamume mwenye ndevu. Hayo nimeyasamehe. Ndevu zake zilikuwa nzuri.

Ninachokuja nacho ni kimoja: sisi tuliosomea nchi jirani, tupimeni kwa yale tu tusiyofundishwa.

Hayo yapo, na si machache. Burundi haimo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara. Kongo imo tangu tarehe 12 Septemba 2012. Kwa hiyo sheria za kampuni, za dhamana, za kudai madeni, mimi sikuzisikia darasani hata siku moja. Nimezisoma mwenyewe, na hapo nilikwama vibaya. Miezi miwili nilikariri Sheria ya Pamoja ya kudai madeni kwa fotokopi niliyoinunua kwa faranga nilizoweka kwa ajili ya viatu vya shule. Nilipokwisha kuimaliza, mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole kama najua kwamba ile ya 1998 imeondolewa, kwamba mpya ilipitishwa Oktoba 2023, tena hukohuko Kinshasa, na imeanza kutumika tangu 2024. Sikujua. Kwenye meza za fotokopi za hapa Uvira bado inauzwa ile ya zamani, safi, imebanwa vizuri kwa springi.

Ardhi nayo. Bujumbura nilifundishwa mtu anaweza kuwa mwenye ardhi yake. Huku, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Dola na raia anapewa haki ya kuitumia tu. Ukiyachanganya haya mawili umemwangamiza mteja. Kuna mama alinijia baada ya mafuriko ya Aprili 2020, yale ambayo mto Mulongwe ulishuka usiku na mawe na nyumba za watu. Kiwanja chake kilikuwa kimebaki changarawe tupu, na jirani akasogeza mpaka. Mama ameshika karatasi ya mauzo iliyopigwa sahihi mbele ya chifu, imelowa, imekauka, imekuwa ngumu kama chapati ya jana. Ananiambia: «Hii ndiyo ardhi yangu.» Kwa masomo yangu ya Bujumbura ningeianzia kesi palepale kwenye karatasi. Kwa sheria ya Kongo ilibidi nianze kwa kuuliza jambo jingine kabisa: je, ofisi ya ardhi ilikwisha kumpa chochote? Haikuwa imempa. Ilinichukua wiki nzima kuelewa nimwambie nini, na hadi leo sina uhakika kama nilimwambia vizuri. Niulizeni hilo kwenye mtihani. Ndilo linalostahili kuulizwa.

Niulizeni Kanuni ya Familia ya 1987 na marekebisho yake ya 2016. (Kabla ya hapo, mke alihitaji idhini ya mume ili ajifunge kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, sasa ni makubaliano ya wote wawili. Mume wangu anasema yeye hakuwahi kuulizwa, kabla wala baada.) Niulizeni mpangilio wa mahakama wa 2013. Lakini kunirudisha kwenye somo zima la sheria kana kwamba kifungu cha 258 nakutana nacho leo, ni kunipotezea alfajiri ambazo sina.

Wazo hili si langu. Katika Umoja wa Ulaya, wakili wa nchi moja mwanachama akitaka kuingia chama cha mawakili cha Ufaransa, anaweza kupewa mtihani wa yale tu ambayo masomo yake hayakuyagusa. Karibu zaidi na kwetu, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, kifungu cha 11, inazungumzia kutambuana kwa vyeti na taaluma; wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walikwisha kuwekeana mikataba yao kabla Kongo haijaingia. Sisi tulisaini kujiunga tarehe 8 Aprili 2022. Mwenye diploma ya Bujumbura hapa Uvira bado anasubiri kuambiwa hilo linamhusu vipi.

Kisha kuna suala la njia. Chama chetu cha Kivu Kusini makao yake ni Bukavu, penye Mahakama ya Rufaa. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya jimbo imehamia huku kwetu, na barabara ya Kamanyola inakatwa na mstari wa vita. Kuzunguka kupitia Burundi na Rwanda hakuwezekani, maana Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Kwenda Kinshasa sharti nivuke kwanza Gatumba nikatafute ndege. Yaani ili nikafanye mtihani wa nchi yangu, njia inapita katika nchi ambayo kuisomea ndiko kulikoniletea taabu yote hii. Ukumbi wa kufanyia mtihani Uvira upo, meza zipo, na watahiniwa tupo, sikuwa peke yangu niliyelipiwa kwa ndagala.

Kwa hiyo naomba karatasi moja ya mtihani kwa waliosomea nchi jirani, juu ya tofauti tu, ifanyiwe hapa, na orodha ya sheria zinazotumika sasa ibandikwe kwenye mlango wa Mahakama ili mwenye meza ya fotokopi naye aione.

Tarehe ikipatikana, tafadhali itangazwe wiki sita kabla. Mwajiri wangu anataka barua ya ruhusa mwezi mzima mbele, na mama mkwe, atakayebaki na watoto, anatoka Baraka kwa boti. Ziwa likichafuka huwa anangoja hata siku nne, na hakubali kuharakishwa.

Kwa heshima,

Mama mmoja wa Kasenga, mwenye diploma ya ng'ambo