Msiuze Minazi Mkakodi Jina

Kuna uongo mtamu unaozunguka kwa vijana wenye akiba kidogo: ati ukianzisha biashara yako mwenyewe unacheza kamari, lakini ukinunua jina la kampuni kubwa umenunua uhakika. Jina linajiuza, wanasema. Wewe weka pesa, fuata kitabu, simama kaunta. Nimeusikia Nairobi, nimeusikia Ukunda, na sasa umeingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, Munje, ambako unakaribia kutuuzia shamba.

Habari ni hii. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Columbus, Ohio. Kazi yake ni kuhudumia wazee, zamu za usiku, na mgongo umeanza kumkatalia. Anataka kujiajiri, na nani atamlaumu? Columbus nao ni mji wa mambo hayo: Wendy's ilizaliwa pale mwaka 1969, na White Castle ina makao yake makuu pale pale. Basi akatengeneza orodha ya franchaizi, yaani biashara za kukodi jina: donati, kuku, sandwichi, usafi wa ofisi. Akaituma kwa kundi tumsaidie kuchagua. Tukapiga kura, bana. Watu ambao hawajawahi kuvaa koti la baridi wakapiga kura kuhusu donati za Ohio. Kuku akashinda.

Tatizo ni kwamba akiba yake haitoshi. Hapo mjomba, ambaye neno lake kwetu ni zito, akasema tukate kipande cha chini cha shamba la marehemu bibi, kile kinachoelekea baharini, tukiuze tumwongezee. Bei za Diani zinateremka kusini, wanunuzi hawakosekani, na dalali ameshafika na futi yake.

Mjomba anisamehe. Najua mkubwa hajibiwi mbele za watu. Lakini shamba ni la watu, na watu wenyewe ndio sisi.

Tuanze na hesabu, maana kwenye kundi hakuna aliyeifanya. Ukikodi jina unalipa ada ya kuingia. McDonald's, kwa mfano, wametoza dola 45,000, na hapo hujanunua hata sufuria. Halafu kila mwezi unalipa mrabaha, na mrabaha haukatwi kwenye faida, unakatwa kwenye mauzo. Someni tena hapo. Subway kwa miaka mingi wamechukua asilimia 8 ya mauzo, na juu yake asilimia 4.5 ya matangazo. Mleteni hesabu hiyo mama anayeuza viazi karai Msambweni. Akiuza vya shilingi 1,000, shilingi 125 zinaondoka kabla hajalipa mafuta, makaa, unga wala kijana wa kumenya viazi. Mafuta yakipanda bei na faida ikaisha, zile 125 zinaondoka vilevile. Mwenye jina hana siku mbaya. Siku mbaya zote umenunua wewe.

Mtaniambia hayo ni ya Marekani. Hebu twende basi kwenye kibanda cha M-Pesa, maana hicho ndicho ndugu wa karibu wa franchaizi tulio naye mlangoni. Tangu 2007 wakala ametoa chumba chake, floti yake, muda wake na usalama wake. Akiibiwa usiku, ameibiwa yeye. Rangi ya kijani si yake, bei si yake, na kamisheni anapangiwa. Akiwa chini ya wakala mkubwa, hata hiyo kamisheni anagawana naye. Zaidi ya hayo, hadi Julai 2014 wakala wa Safaricom hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Kibanda ni chako, kodi unalipa wewe, lakini mteja wa Airtel Money ukimwona anakuja unamwambia pole. Mpaka Airtel wakalalamika na Mamlaka ya Ushindani ikaingilia kati ndipo kufuli hilo likafunguliwa. Hakuna wakala wa Munje aliyekuwa na ubavu wa kulifungua.

Sisemi M-Pesa ni mbaya. Imelipa karo za shule nyingi hapa kwetu. Nasema wakala wa M-Pesa hakuuza shamba ili awe wakala. Wengi walianza na floti ndogo kwenye duka ambalo tayari lilikuwa likiuza sukari na sabuni, kwa hivyo mtandao ukilala, sabuni inaendelea kuuzwa. Dada yangu hataruhusiwa kuweka sabuni pembeni ya kuku wa mtu.

Na sasa lile ambalo limenikosesha usingizi, na ambalo kwenye kundi lilipita kama utani. Shangazi aliuliza: "Hao kuku ni halali?" Watu wakaweka vikaragosi vya kucheka. Shangazi ndiye peke yake aliyeuliza swali la biashara siku ile.

Karibu na Chicago kulikuwa na Mwislamu mmoja, mzaliwa wa Palestina, aliyeingia kwenye franchaizi ya Dunkin' Donuts mwaka 1979. Donati na kahawa, hakuna nyama, dhamiri yake imetulia. Mwaka 1984 kampuni ikaleta sandwichi za asubuhi zenye nyama ya nguruwe. Akakataa kuziuza, na kampuni ikamwachia. Karibu miaka 20 akaendelea hivyo, akiuza kila kitu isipokuwa hicho. Halafu mwaka 2002 wakamwambia: menyu yote au hatuongezi mkataba. Akaenda mahakamani akidai anabaguliwa. Kesi ikapanda na kushuka, na mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama likaipa kampuni ushindi.

Fikirieni vizuri alichopoteza. Alikuwa amejenga wateja kwa zaidi ya miaka 20, watu wanaomjua kwa jina, lakini jina la ukutani halikuwa lake. Na kisheria sina hakika ningemlaumu hakimu: mkataba ni mkataba. Ndiyo maana nauliza kabla ya mkataba. Dada yangu anaswali, anafunga, na mama yake bado anampigia simu kumuuliza kama amefuturu. Siku kampuni ya kuku ikiamua kuongeza kipande cha nguruwe kwenye mkate, atasema nini? Atasema ndiyo, au atafunga mlango. Na mlango huo utakuwa umejengwa kwa minazi ya bibi.

Pia msisahau riba. Orodha yake yote inahitaji mkopo wa benki juu ya pesa za shamba. Wale wanaosema kwenye kundi kwamba "hilo ataongea na Mungu wake" ndio hao hao waliokataa kaka yetu achukue mkopo wa pikipiki.

Wengine wamesema Chick-fil-A ni rahisi, ada ni dola 10,000 tu. Kweli, na hapo ndipo wajanja wenyewe wanaposhikwa. Ada ni ndogo kwa sababu hununui kitu. Jengo ni lao, vyombo ni vyao. Wanachukua asilimia 15 ya mauzo, kisha nusu ya faida inayobaki. Huwezi kuuza mkahawa huo, na ukifa hauwaachii watoto. Sisi Wadigo, watu ambao zamani mpwa alirithi kwa mjomba na wazee wetu wakagombana karne nzima kuhusu nani arithi kwa nani, leo tunataka kuuza kitu kinachorithika tununue kitu kisichorithika? Mjomba, kwa adabu zote, wewe mwenyewe ulilipata hilo shamba vipi?

Kwa usafi wa ofisi nitasema kidogo tu. Huko kampuni hukuuzia "biashara" ambayo ni ndoo, ufagio na orodha ya majengo ya kusafisha usiku, na wanaonunua wengi ni wahamiaji kama sisi. Mwaka 2010 mahakama moja ya Massachusetts ilisema kuhusu kampuni ya Coverall kwamba watu hao si wenye biashara, ni wafanyakazi. Yaani mtu alikuwa amelipa ili aajiriwe. Dada yangu tayari ana kazi ya usiku, na hakuilipia.

Najua jibu linalokuja. "Lakini kampuni kubwa inakufundisha, ina mfumo uliojaribiwa, benki inakuamini." Sawa, yako mambo ya kweli hapo. Mtu asiyejua kupanga ghala wala mishahara atafundishwa, na kwa mtu mwenye pesa za kupoteza huenda ni njia nzuri. Ila mfumo uliojaribiwa umejaribiwa kwa faida ya nani? Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi. Kenya! Viazi vilikuwa vimejaa Nyandarua, lakini vya KFC vilikuwa vikitoka Misri, meli zikachelewa, na mwenye franchaizi hapa hakuweza kuingia sokoni akanunua magunia kwa sababu mkulima wetu hakuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa. Mama wa viazi karai siku hiyo alikuwa na viazi.

Na tusijifanye hakuna njia nyingine. Katika majimbo hayo hayo ya katikati ya Marekani, Wasomali wa Minneapolis wamejaza jumba la Karmel kwa maduka madogo madogo, nguo, chai, sambusa, simu, tiketi za ndege, ukiingia utadhani uko Eastleigh. Columbus nao wana lao, Global Mall. Hawakumlipa mtu mrabaha wa neno "sambusa". Wapo waliofilisika humo, siwezi kudanganya, lakini aliyefilisika aliondoka na mapishi yake na wateja wake wakamfuata mtaa wa pili. Dada yangu anajua kuhudumia wazee kuliko kampuni yoyote anayotaka kukodi jina lake. Anajua Kiswahili, na mji ule una familia za Afrika Mashariki. Kwa nini ujuzi wake ndio kitu pekee kisichokuwa kwenye orodha?

Eneo letu linajua kumtegemea mwenye jina kubwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, waliokuwa wakiishi kwa kiwanda walihesabu siku. Aliyekuwa na mnazi aliangua nazi.

Kama bado anataka, basi afanye hivi, na hili nimemwandikia yeye mwenyewe, si kundi. Sheria ya Marekani inamlazimu mwenye jina ampe waraka wa maelezo, wenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla hajatia saini au kulipa senti. Asianze na kurasa za picha. Afungue kipengele cha 17 asome nani anaweza kuvunja mkataba, na nini kinatokea mwenye duka akifa. Afungue cha 20: hapo pana idadi ya maduka yaliyofungwa kwa miaka mitatu, na namba za watu waliotoka mwaka uliopita. Awapigie waliotoka. Waliobaki wana sababu ya kusifu, maana nao wanatafuta mtu wa kuwauzia.

(Hapa Kenya hakuna hata sheria maalumu ya franchaizi, kwa hivyo wewe unayesoma haya Nairobi ukipanga kukodi jina la pizza, siku zako 14 utajipa mwenyewe.)

Amenijibu kwamba ameomba nyaraka mbili, ya kuku na ya donati, na ataanza kupiga simu Jumapili akitoka zamu. Vizuri. Mjomba, dalali asirudi na futi yake mpaka simu hizo zipigwe, na majibu yasomwe kwenye kundi, kwa sauti, shangazi akiwepo.