Seli zenye majina ya uongo zatia doa utafiti wa tiba

UCHAFU unaowatia hofu zaidi wanaokuza seli maabarani si ule unaoonekana. Bakteria wa kawaida na kuvu wakiingia katika chupa ya seli hujianika wenyewe: maji ya lishe hugeuka rangi na kuwa kama maziwa yaliyochacha, na mtafiti hana budi kumwaga kila kitu na kuanza upya. Kuna uchafu wa aina mbili, hata hivyo, ambao hukaa kimya kwa miaka, na hasara yake huwafikia watu wasiowahi kukanyaga maabara.

Wa kwanza ni mikoplasma, bakteria mdogo mno asiye na ukuta wa seli. Penisilini, ambayo huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, haimgusi kamwe. Huweza kupenya vichujio vinavyowazuia wenzake, na hadubini ya kawaida haimwonyeshi. Seli alizozivamia huendelea kukua, lakini majibu yake hayaaminiki. Hutoka kinywani mwa mhudumu, katika majimaji ya damu ya ndama yanayotiwa kwenye lishe, au katika chupa jirani iliyoletwa na mwenzake bila kupimwa. Ndiyo sababu wataalamu hawapendi antibiotiki itiwe katika lishe kama desturi. Dawa hiyo huficha uzembe wa mikono, na kinachobaki hai chini yake ni yule asiyeonekana.

Wa pili ni seli zenyewe. Mnamo 1951, madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walichukua kipande cha uvimbe wa saratani kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mwafrika-Mmarekani, bila idhini yake. Alifariki Oktoba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake, zilizopewa jina HeLa, zilikuwa za kwanza za binadamu kuzaana maabarani bila kikomo, na zilisaidia katika utafiti wa chanjo ya polio. Lakini nguvu hiyo ndiyo iliyozifanya kuwa hatari. Tone moja likiingia katika chupa nyingine kwa pipeti iliyotumiwa mara mbili, HeLa huwazidi wenyeji mbio na kuitwaa chupa nzima, huku kibandiko kikibaki na jina la zamani.

Mnamo 1966, Stanley Gartler aliuambia mkutano wa wanasayansi kule Bedford, Pennsylvania, kwamba nasaba 18 za seli zilizodhaniwa kuwa tofauti zilikuwa na alama za HeLa. Kimeng'enya kimoja alichopima kilikuwa cha aina inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee, ilhali baadhi ya seli hizo zilisemekana kutoka kwa Wazungu. Wengi hawakufurahia habari hiyo. Walter Nelson-Rees, aliyeendelea kutaja majina ya seli bandia katika miaka ya sabini, alijipatia maadui kuliko shukrani.

Sisi wa chumba cha habari twaijua vyema hali hiyo. Jina likikosewa mara moja na kuingia katika hifadhi ya gazeti, kila mwandishi atakayefuata atalinukuu kwa imani. Mnamo 2017, watafiti wawili wa Uholanzi, Serge Horbach na Willem Halffman, walihesabu makala 32,755 za kisayansi zilizotegemea seli zisizo zile zilizotajwa.

Je, haya yanamhusu Mkenya? Naam. Maabara ya polio ya taasisi ya KEMRI jijini Nairobi, ambayo hupokea sampuli za humu nchini na za majirani kama Somalia, hutafuta virusi hivyo kwa seli hai. Seli zilizodhoofika zaweza kushindwa kuonyesha virusi vilivyomo, na ndiyo maana mtandao wa maabara za polio duniani hutaka uwezo wake upimwe mara kwa mara. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo inayotengenezwa na KEVEVAPI kule Embakasi nayo hutegemea seli. Zikivamiwa na mikoplasma, mavuno ya virusi vya kutengenezea chanjo huweza kupungua.

Kinga yenyewe haina miujiza: kufanya kazi kwa aina moja ya seli kwa wakati mmoja, kutenga seli ngeni mpaka zipimwe, kugandisha akiba mapema katika nitrojeni, kupima mikoplasma kwa ratiba, na kulinganisha alama za DNA na kumbukumbu za asili. Tangu 2016, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani huwataka waombaji wa ufadhili waeleze watakavyothibitisha seli zao. Hapa kwetu, vipimo hivyo huwa rahisi kufutwa bajeti inapobana, kwa kuwa kipimo kilichoachwa hakina kelele. Kamati zinazogawa fedha za utafiti zina uwezo wa kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: seli hizi zilipimwa lini, na nani?